Breki za trela la boti: zinapokataa kukamata na zinapokataa kuachia

Kabla hujafungua nati hata moja, jua kwanza trela lako lina breki za aina gani. Mafundi wetu wengi hapa Mwanza wamekulia kwenye Fuso, Hiace na Land Cruiser, magari ambayo breki zake zinaanzia mguuni kwa dereva. Trela la boti halina pedali. Linajifunga kwa uzito wake: gari likipunguza mwendo, trela linalisukuma kwa nyuma, kichwa cha trela, ile sehemu inayoshika gari, kinaingia ndani kidogo, na msukumo huo ndio unaokwenda kukamata magurudumu. Fundi akianza kwa kukuuliza pedali inashuka mpaka wapi, mnunulie soda, mshukuru, tafuta mwingine.

Ukiona kwenye kichwa kuna kikopo cha mafuta ya breki, na bomba jembamba linafuata fremu hadi magurudumuni, hizo ni breki za mafuta. Matrela mengi ya Marekani yametengenezwa hivyo, mengine yana dramu, mengine diski. Ukiona badala yake rodi ya chuma inapita katikati ya fremu na kuishia kwenye kebo zinazoingia kwenye dramu, hizo ni breki za kebo, mtindo wa Ulaya, zile zenye vichwa vya AL-KO au Knott. Trela dogo linaweza lisiwe na breki kabisa. Ulaya wanaruhusu hivyo mpaka kilo 750 kwa trela na mzigo wake wote. Zaidi ya hapo, breki ni lazima. Na uzito usiupime kwa macho. Petroli ya kujaza pipa la lita 200 inakaribia kilo 150 kabla ya kuhesabu pipa lenyewe, na maji ya mvua yaliyobaki ndani ya boti ni kilo moja kwa kila lita. Boti iliyokaa nje masika nzima bila kufunguliwa kizibo inaweza kubeba mzigo ambao breki hazikutengenezewa, halafu lawama zikaenda kwa breki.

Haikamati, au haiachii?

Mtu akisema "breki za trela mbovu" anaweza kumaanisha mambo mawili yanayopingana, na dawa ya moja ni sumu kwa jingine. Ukikaza breki shuu, vile vyuma vya upinde vinavyobana dramu kwa ndani, za trela ambalo shida yake ni kutoachia, utafika Usagara na moshi.

Njia ya kutofautisha ni joto. Toka Nyegezi asubuhi kabla daladala hazijajaa, elekea Buhongwa kwa mwendo wa taratibu ukikanyaga breki mara chache kadiri matuta yatakavyokuruhusu. Simama mahali tambarare, shuka, peleka mgongo wa mkono karibu na kila habu, yaani kitovu cha gurudumu. Usiiguse mpaka ujue joto likoje, kwa sababu habu iliyokamatwa na breki inababua ngozi mara moja. Mwenye kipimajoto cha kuelekeza kwa mwanga akitumie, kina ukweli kuliko mkono.

Habu zote zikiwa na uvuguvugu unaolingana, hakuna inayokwama. Moja ikiwa moto na nyingine zimepoa, tatizo liko kwenye gurudumu hilo: silinda, kalipa (kile kinachobana pedi za diski), springi, kebo yake au beringi. Zote zikiwa moto, achana na magurudumu, nenda mbele, maana kilichokwama ni kile kinachoziamuru breki zote. Ukirudi, tafuta mahali salama ufunge breki vizuri mara kadhaa, kisha pima tena. Safari hii unatafuta kinyume: habu iliyobaki baridi wakati wenzake wamepata joto ndiyo isiyofanya kazi.

Kipimo hiki hakikugharimu chochote, na kinakuondolea spea nyingi ambazo ungenunua kwa kubahatisha.

Gari linasukumwa kwa nyuma

Unakaribia tuta, unakanyaga, gari linapungua, halafu unahisi kitu kinakusukuma mgongoni. Hapa mjini, na boti tupu, unaweza usijali. Utajali ukiwa njiani kwenda Musoma, kati ya Lamadi na Bunda, pale barabara inapopakana na Serengeti, mnyama au kundi la ng'ombe likakatiza mbele yako.

Anza na kichwa. Trela lisipokaa sambamba na ardhi, ile sehemu inayoteleza inajikaza ndani ya ala yake na msukumo hauendi popote. Land Cruiser iliyoinuliwa springi, ikivuta trela lililotengenezewa gari la chini, inalikalisha pua juu na breki nusu. Hapo huhitaji spea, unahitaji kushusha ile gololi ya kuvutia iliyoko nyuma ya gari.

Kama trela limekaa sawa, sukuma uone. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya trela (mawe ni kitu ambacho Mwanza hatujawahi kupungukiwa), chomoa plagi ya umeme, mtu arudishe gari polepole kabisa huku wewe umesimama pembeni, si katikati. Kichwa kinatakiwa kiingie kidogo, kikutane na ukinzani, kisha kitoke kwa utulivu gari likisogea mbele. Kisipoingia kabisa, kimeshikwa na kutu au grisi iliyokauka na mchanga. Au kuna kipini. Baadhi ya vichwa vina kipini cha kuchomeka ili breki zisikamate wakati wa rivasi, na ukikisahau humo baada ya kushusha boti, unarudi nyumbani bila breki hata moja.

Kikiingia mpaka mwisho bila kupata kipingamizi, nguvu inapotelea njiani. Kwa breki za kebo maana yake ni kebo zimelegea au breki shuu ziko mbali na dramu. Kwa breki za mafuta, fungua kikopo.

Mafuta yakiwa chini sana, usijaze ukaondoka. Mafuta ya breki hayaishi kwa kutumika. Yakipungua kidogo ni kwa sababu pedi au shuu zimelika, yakipungua sana yanavuja. Fuata bomba kwa kidole tangu kwenye kichwa, hasa pale klipu zinapolishika na kutunza matope, maana kutu huanzia nyuma ya klipu. Tazama upande wa ndani wa kila tairi. Ukuta wa tairi wenye unyevu wa mafuta ni wili silinda, ile silinda ndogo ya gurudumuni, iliyokufa mipira yake.

Bomba likiwa limetoboka, linabadilishwa kipande chote, kwa bomba la breki na viungo vyake. Watu hukata sehemu mbovu wakavika mpira wa petroli na klipu mbili. Ukifunga breki kwa nguvu, shinikizo humo linaweza kupita baa 50. Tairi la gari dogo lina baa mbili na kidogo tu. Mpira ule utashika siku zote za taratibu na kuachia siku moja ya dharura.

Mafuta yakiwa ya kahawia au yana ukungu wa maziwa, yameingia maji. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hata kwenye gari la kawaida, sembuse kwenye kitu kinachozamishwa ziwani kila wiki. DOT 3, daraja la mafuta ya breki linaloandikwa kwenye chupa, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205. Ikishanyonya maji, kiwango cha chini kinachotarajiwa ni nyuzi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Lakini maji yaliyotulia peke yake chini ya silinda hayana habari na viwango hivyo. Kwenye mwinuko wetu wa ziwa, mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kama nyuzi 96, na mvuke hausukumi breki shuu, unabonyea tu. Breki zinazoshika asubuhi na kupotea baada ya mteremko mrefu, kisha zikarudi baada ya kupumzika, zina maji ndani. Badilisha mafuta yote. Mimi nashauri iwe kila mwaka kwa trela linaloingia majini, na chupa iliyofunguliwa mwaka jana usiitumie, nayo imenyonya vilevile.

Jambo moja lisemwe kwa sauti. Usitie ndani ya kikopo hicho mafuta ya injini, ya gia wala ya pawa, hata kama umekwama Magu usiku. Mipira ya breki inavimba ikiguswa na mafuta ya aina hiyo, yanayotokana na mafuta ghafi. Breki zitafanya kazi kidogo, kisha zitakataa kuachia, na hapo dawa si kumwaga. Ni kubadilisha kila kitu chenye mpira kuanzia masta silinda, ile ya kwenye kichwa inayosukuma mafuta, hadi gurudumu la mwisho, na kusafisha mabomba. Kwa sababu hiyohiyo usioshe vipuri vya ndani ya silinda kwa petroli au dizeli. Tumia mafuta ya breki masafi au spiriti. Na DOT 5, ile ya silikoni, haichanganywi na DOT 3 wala 4, ingawa namba zinafuatana.

Kama mafuta ni masafi na hayavuji, ila kichwa kinaingia kwa ulegevu na ukisukuma mara ya pili kinakuwa kigumu zaidi, ndani kuna upepo. Kuutoa kunahitaji watu wawili. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na kichwa; trela la ekseli mbili, anza na ile ya nyuma. Vika mpira mwembamba unaoonyesha ndani kwenye skrubu ya kutolea upepo, ncha yake uizamishe kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Mwenzako asukume fimbo ya masta silinda kwa bisibisi ndefu. Fungua, mapovu yatoke, funga kabla hajaachia. Akiachia wakati skrubu iko wazi, breki inavuta upepo upya na mtakesha. Kikopo kisishuke chini ya nusu muda wote. Trela lenye diski na solenoidi ya rivasi (kifaa cha umeme kinachoziba njia ya mafuta wakati wa kurudi nyuma), hakikisha solenoidi haina umeme wakati huo, la sivyo njia imezibwa na mtasukuma bila kitu kutoka.

Sehemu inayosahaulika zaidi ni kurekebisha breki shuu, na kwa trela la dramu ndiyo inayoponya wengi. Nyanyua gurudumu, toa kile kizibo cha mpira kwenye bamba la nyuma ya dramu. Kwa zile za Marekani, zungusha ile gia ndogo ya meno kwa bisibisi mpaka gurudumu likatae kuzunguka kwa mkono, kisha irudishe mpaka lizunguke likiwa na mguso mdogo tu wa kusikika. Kwa zile za Ulaya kanuni ni ileile, ila gurudumu uzungushe kuelekea mbele tu wakati wote; ukilizungusha kinyumenyume, mtambo wa rivasi ulio ndani ya dramu unalegeza breki shuu na vipimo vyote vinakuwa uongo. Na hapa mpangilio ni muhimu: magurudumu kwanza, kebo baadaye. Fundi anayekaza kebo ili kufidia breki shuu zilizolegea anaficha ugonjwa, na handibreki itakuwa inashika upande mmoja.

Ukishafungua dramu, angalia laining, zile bitana za breki shuu zinazosugua dramu. Zenye grisi hazisafishiki. Watu huziosha kwa petroli na kuzipitisha kwenye moto, zinakauka juu, na zikipata joto barabarani grisi iliyozama inarudi. Badilisha pande zote mbili za ekseli, na ubadilishe sili ya habu iliyopitisha grisi hiyo, la sivyo utanunua tena. Zenye kung'aa tu bila grisi zinakwaruzwa kwa msasa. Vumbi usilipulize kwa kompresa, laining za zamani zinaweza kuwa na asbestosi. Lifute kwa kitambaa chenye maji. Dramu yenye mabonde ya kutu inaweza kukerezwa, mradi kipenyo kisizidi kile kilichopigwa muhuri kwenye dramu yenyewe.

Habu inachemka, harufu ya kuungua

Hii ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa sababu dereva haihisi. Gari lenye nguvu linavuta tu, mpaka anayekupita akuonyeshe moshi.

Zikiwa zote moto, tazama kwanza kitu cha kipuuzi: handibreki ya trela, kisha kebo ya dharura. Ile kebo au mnyororo mwembamba unaofungwa kwenye gari umetengenezwa ili trela likichomoka, uvute kitasa na kufunga breki. Ukiwa mfupi, kona ya kwanza kali unakivuta kitasa hicho, breki zinafungwa na kubaki hivyo. Kwenye vichwa vingi vya Marekani kitasa kinajing'ang'aniza chenyewe na lazima ukiachie kwa bisibisi. Uurefushe kiasi cha kupita kona, usiburuzike chini.

Halafu uone kama kichwa kinatoka chote gari likivuta. Kikibaki ndani nusu kwa sababu ya kutu, breki zinabaki zimebanwa. Kwa zile za kebo, shokapu ndogo iliyo ndani ya kichwa ikifa, haina nguvu ya kukirudisha nje. Kwa zile za mafuta, fimbo inayosukuma masta silinda lazima iwe na nafasi kidogo ya kucheza kabla ya kugusa. Ikikaa imegusa muda wote, tundu dogo la kurudishia mafuta linabaki limezibwa, na kadiri mafuta yanavyopata joto ndivyo yanavyotanuka na kujikaza.

Kuna kosa jingine linalokuja na spea. Masta silinda ya breki za dramu huwa na vali inayobakiza shinikizo dogo kwenye bomba ili mipira ya silinda isivute upepo. Diski haitaki shinikizo hilo. Mtu aliyeng'oa dramu zilizooza akafunga diski, akaacha masta silinda ya zamani, atakuwa na pedi zinazosugua tangu kilomita ya kwanza, na hakuna gurudumu atakalolikuta na kosa.

Ikiwa ni habu moja tu, kuna njia ya haraka ya kujua. Ukiwa bado umekwama, nyanyua gurudumu hilo, hakikisha halizunguki, kisha fungua kidogo skrubu ya kutolea upepo. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, shinikizo lilikuwa limenaswa. Lisipoachia, mafuta hayana kosa, kilichokwama ni chuma. Mahali liliponaswa napo panatafutika: safari nyingine ikikwama, fungua kiungo kilicho kabla ya ule mpira wa breki unaoinama karibu na ekseli. Mafuta yakivuja hapo na gurudumu likaendelea kukaza, mpira huo umevimba ndani. Kwa nje unaweza kuonekana mpya kabisa, lakini njia yake imebanana: nguvu ya kufunga inapita, mafuta ya kurudi hayapiti. Badilisha, usiuchokonoe kwa waya. Baada ya kufungua popote, toa upepo upya.

Chuma kilichokwama kwenye dramu ni springi za kurudishia zilizokatika au kulegea, na pistoni ya wili silinda iliyoota kutu. Kwenye diski ni pini ambazo kalipa huteleza juu yake. Zitoe, zisugue, zipake grisi ya breki inayostahimili joto, na mifuko yake ya mpira iliyopasuka ibadilishwe, maana ndimo maji yanamoingilia. Pedi moja iliyolika kuliko mwenzake kwenye kalipa ileile ni pini zinazodai huduma.

Kebo nayo huoza kimyakimya ndani ya ganda lake. Ichomoe upande wa mbele, ivute kwa mkono. Inatakiwa irudi yenyewe. Isiporudi, nunua nyingine. Kuimiminia oili chafu kunaifanya iteleze wiki moja, na oili hiyo inateremka moja kwa moja hadi ndani ya dramu, juu ya laining.

Beringi hujifanya breki. Shika tairi lililonyanyuliwa juu na chini, litikise: likicheza, au likikwaruza unapolizungusha wakati breki zimeachia kabisa, tatizo lako ni beringi. Ishughulikie kabla ya safari ya pili, si baada yake.

Linavuta upande mmoja, au linapiga kishindo

Kuvuta upande mmoja ni gurudumu moja lisilokamata, au moja linalokamata peke yake. Kipimo cha joto kimeshakwambia lipi. Ongeza upepo wa matairi kwenye orodha yako, unadanganya wengi.

Kishindo unapofunga breki, kingine unapoondoka: shokapu ya kichwa imekufa, au gololi si saizi ya kichwa. Gololi za milimita 50 na za inchi 2 zinakaribiana kwa macho tu. Inchi 2 ni karibu milimita 51, na kichwa kilichotengenezewa moja hakikai vizuri kwenye nyingine. Soma namba iliyopigwa kwenye kichwa. Kama zinalingana, kichwa kikapita shokapu bila ukinzani, badilisha shokapu.

Linajifunga kwenye rivasi

Hapa ndipo watu wanapotukanana ufukweni. Breki inayojifunga kwa kusukumwa haijui tofauti kati ya gari linalopunguza mwendo na gari linalorudi nyuma. Kwa kichwa, yote ni kusukumwa. Kwa hiyo kila trela lina njia yake ya kuidanganya.

Angalia kwanza linajifungia wapi. Kwenye mteremko mkali wa kushushia boti, trela linavutwa na uzito wake kwenda majini, kichwa kiko nje, breki hazina sababu ya kukamata. Likijifunga hapo, breki zilikuwa zimekwama tangu awali. Rudi sehemu iliyotangulia. Kujifunga kwa rivasi kunaonekana kwenye mchanga tambarare, kama fukwe za Igombe au Luchelele, au unapolirudisha trela nyumbani kwa kupandisha kilima, na vilima vya Bwiru na Capri Point mnavijua.

Trela la kebo la Ulaya lina mtambo ndani ya dramu: gurudumu likizunguka kinyumenyume, breki shuu moja inajikunja na kuachia. Ni kawaida lishike kidogo mwanzoni kisha liachie. Lisipoachia, mtambo umeota kutu au breki shuu zimekazwa kupita kiasi. Mtambo huohuo una hatari yake: ukiliegesha kwenye mteremko kwa handibreki, trela linaweza kurudi nyuma kidogo kabla handibreki haijakamata upya. Weka jiwe kwanza, handibreki baadaye.

Trela la mafuta lenye dramu za Marekani za kurudi nyuma bila shida lina hila kama hiyo. Lenye diski halina. Linategemea solenoidi ya umeme inayoziba njia ya mafuta gia ya rivasi ikiingizwa. Weka gia ya rivasi, gari limewashwa, handibreki ya gari imevutwa, mtu akae karibu na kichwa. Asikie mlio wa "tak". Asiposikia, umeme haufiki, na mara nyingi haufiki kwa sababu haukuwahi kuunganishwa.

Kwenye plagi bapa ya Marekani ya pini tano, waya wa bluu ndio wa solenoidi, na unatakiwa upate umeme wa taa ya rivasi. Kwenye plagi ya duara ya pini saba ya Ulaya, ambayo magari mengi hapa yamefungwa, waya wa bluu ni wa taa ya ukungu, na plagi hiyo haina pini ya rivasi. Fundi umeme anayeunganisha bluu kwa bluu amefuata rangi kwa uaminifu na solenoidi haitafanya kazi. Mbaya zaidi, mtu akiwasha taa ya ukungu barabarani, trela linapoteza breki. Usiamini rangi. Shika taa ya kupimia, weka rivasi, tafuta waya unaowaka kweli, pitisha waya wake wa peke yake. Kama umeme unafika na solenoidi imenyamaza, safisha waya wa ardhi, ule mweupe, mpaka chuma king'ae. Ikiendelea kunyamaza, hapo ndipo ununue solenoidi.

Kabla ya kuingiza majini

Umetoka Kisesa na boti, habu zina moto wa safari, unafika ufukweni na unarudisha moja kwa moja ziwani. Habu ikipoa ghafla ndani ya maji, hewa iliyoko ndani inajikunja na kuvuta maji kupitia sili. Miezi michache baadaye unafungua na kukuta grisi ina rangi ya chai ya maziwa, beringi zina madoa, na grisi hiyo laini imeshaanza kutambaa kuelekea breki shuu. Fungua kamba, pakia vitu, ongea na watu, habu zipoe kwanza. Mwenye haraka ana gharama.

Ziwa letu ni maji baridi, hatuna chumvi ya Tanga, na hilo linatuhadaa. Kutu inachelewa tu, na mchanga na mizizi ya magugu maji hukaa ndani ya dramu vikitunza unyevu. Suuza kwa maji safi kupitia matundu ya nyuma, kisha vuta trela kilomita chache ukifunga breki kidogokidogo zikauke. Likikaa muda mrefu, liegeshe kwa mawe, si kwa handibreki. Breki shuu zilizobanwa kwenye dramu yenye unyevu zinagandana nayo, na siku ya kuondoka gurudumu moja linaburuzika kama lilivyo. Ikitokea, ligonge dramu kwa nyundo ya mpira kuizunguka, ukivuta na kuachia handibreki. Usilivute kwa nguvu za gari, laining itabanduka na kubaki kwenye dramu.

"Tuzizibe tu, tajiri"

Mwisho wa kuhangaika, kuna gereji itakupa ushauri huo: ziba bomba, kata kebo, utavuta tu na breki za gari. Kwa trela tupu la kilo mia tatu, sawa. Kwa boti ya faiba yenye injini mbili na mafuta, inayoweza kupita tani moja na nusu, hapana. Breki za gari zitasimamisha vyote viwili siku ya kawaida, kwa umbali mrefu zaidi na kwa kuchemka. Siku ya mvua, kwenye kona, trela lisilo na breki linalikunja gari. Kama fedha hazitoshi kutengeneza zote, afadhali trela likae mpaka zipatikane, na boti ipelekwe kwa maji.

Ukishatengeneza, kaza nati za magurudumu kwa msalaba, vuta trela na boti juu yake, anza na mwendo wa kilomita 20 kwa saa ukifunga breki kidogo, kisha 40. Kichwa kiingie bila kishindo na kitoke. Nenda hadi Buhongwa, pima habu, ongeza mafuta kwenye kikopo kama yameshuka baada ya kutoa upepo, na nati zikazwe tena, kwa sababu gurudumu lililotoka kufungwa hulegea safari ya kwanza.